Mke Wangu Anashuku Nina Mwingine, Kumbe ni Taya

Mama Katunge mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijapoteza mke kwa sababu ya uji.

Jina langu ni Kyule na unaweza kulitaja bila wasiwasi, kwa maana hapa kwetu Kanyangi gazeti lako hutufikia likiwa limeshafungia mtu nyama. Mimi ni mkulima wa ndengu, nafuga mbuzi kidogo, watoto wetu wote wamekua na kujitegemea, na kwa miaka mingi mimi ndiye mkalimani wa kanisa letu, yaani mhubiri mgeni akija na Kiswahili chake nasimama kando yake na kugeuza kila neno kwa Kikamba ili akina mama wazee wa viti vya mbele wasikose kitu, na nikuambie ukweli, mama, hiyo ndiyo furaha ya maisha yangu, kwa sababu mhubiri akiruka mimi naruka, akilia mimi nalia, akipaza sauti mimi napaza kumshinda, na wapo watu wanaosema kuna mahubiri yaliyokuwa ya kawaida tu mpaka yalipopitia mdomoni mwangu.

Sasa ni huo mdomo wenyewe unaoniletea taabu.

Ilianza kama mlio. Nikipiga miayo au nikiuma kitu kigumu, hapa mbele ya sikio la kushoto kunalia "tak!" kama mtu amevunja kijiti kikavu, na mwanzo haikuuma, nilikuwa hata nawachekesha watu nayo, lakini mlio ukaanza kuja na maumivu, maumivu yakapanda kwenye kipaji cha uso yakashuka mpaka shingoni, na asubuhi naamka uso umechoka kana kwamba nimetafuna miwa usiku kucha. Nikaenda kwa mng'oa meno pale sokoni, akaangalia, akang'oa gego moja, maumivu yakabaki palepale. Nikarudi, akang'oa la jirani yake, maumivu hata hayakujua kuna mtu amehama. Nimetia dawa ya masikio, nimemeza dawa za maumivu mpaka tumbo likalalamika, mwingine ameniambia ni baridi, mwingine eti ni mawazo, na kuna mmoja aliyenivuta kando akaniambia nimerogwa na mtu anayetaka maiki yangu.

Sasa ngoja nikuambie habari ya muthokoi. Mke wangu Kanyiva anapika muthokoi ambao watu hutafuta sababu ya kupita kwetu ukiwa umeiva, mahindi yake yametwangwa yakatoka maganda yote, maharagwe yake hayajavunjika, lakini hata hivyo ni lazima utafune, na mimi kutafuna siwezi. Kwa hiyo nimekuwa nikisema nimeshiba. Akienda kuchukua chumvi jikoni nawamwagia kuku, na kuku wetu, mama, wamenenepa mpaka majirani wanauliza tunawalisha nini. Kisha natoka polepole naelekea sokoni kwa mama mmoja mjane anaitwa Kalekye, ana kibanda chake karibu na mashine ya kusaga unga, anapika uji wa wimbi na mtama laini kabisa, anakamulia ndimu, nakunywa kikombe cha kwanza na cha pili na taya langu linapumzika. Hakuna kingine kinachoendelea pale. Nakunywa uji narudi nyumbani.

Lakini watu wana macho, na kuna aliyemwambia Kanyiva kwamba mzee wako haishi kwenda kwa Kalekye. Na wewe jumlisha mwenyewe mambo anayoyaona nyumbani: sili chakula chake, nimehamia upande wa pili wa kitanda nikampa mgongo kwa sababu shavu la kushoto haliguswi na mto, akinisimulia vituko vya kikundi chao cha akina mama sicheki kama zamani kwa sababu kucheka kunaniuma, na juzi aliponyoosha mkono anipanguse unga shavuni niliusukuma mkono wake. Aliuangalia ule mkono muda mrefu.

Halafu akaniuliza, "Kyule, chakula changu kimekuwa na nini?"

"Hakina kitu. Nimeshiba tu."

"Umeshibia wapi?"

Mimi mtu wa maneno, nikainama kutafuta kiatu kilichokuwa mguuni.

"Sawa," akasema. "Nikimaliza kuvuna ndengu nitaenda kwetu Nuu nipumzike. Huyo anayekushibisha atakufulia nguo pia."

Utaniuliza kwa nini simwambii tu. Sababu ya kwanza ni mjomba wangu, alianza hivihivi na uvimbe wa taya, akapelekwa Nairobi, akaambiwa ni ugonjwa mbaya na hakurudi akiwa hai, na mimi nikiutamka tu huu ugonjwa mbele ya Kanyiva naona kama nitakuwa nimeufungulia mlango. Sababu ya pili ni aibu kuisema lakini nitaisema: kanisani yuko mtu anaitwa Mwalimu Nyamai anayesubiri nikohoe tu achukue nafasi yangu, na Kikamba chake ni kama anasoma tangazo la chifu. Jumapili inayokuja tuna mkutano mkubwa wa injili, anakuja mhubiri Muturi kutoka Nyeri, na watu wanatarajia kuniona mimi pale.

Nimesikia kuna daktari ambaye kazi yake ni taya na uso peke yake. Je, yuko kweli? Nikimtafuta naanzia wapi, kwa wa meno, wa masikio, au wa mishipa? Na nikimpata halafu aniambie lile aliloambiwa mjomba, nitafanya nini? Na Kanyiva nimwambie lini? Nimechanganyikiwa, mama. Hata barua hii naiandika nimeshika shavu.

Ni mimi,
Kyule, Kanyangi

*

MAMA KATUNGE ANAJIBU

Kyule ndugu yangu,

Pole. Maumivu ya uso ni mabaya kwa sababu uso huwezi kuuweka kando ukaendelea na kazi. Unaongea nao, unakula nao, unasalimia watu nao. Kuvumilia kitu kama hicho na bado ukasimama kuwahudumia wazee wa viti vya mbele, hilo nakupongeza.

Pongezi zimeishia hapo.

Wewe unayewatafsiria watu wote wa Kanyangi umemnyima mke wako tafsiri. Mwanamke ameona sahani inarudi tupu na kuku wamenenepa, ameona mgongo kitandani, ameona mkono wake unasukumwa, na hakuna mtu wa kumgeuzia hayo kwa lugha anayoielewa. Ulitaka aelewe nini? Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshafika Nuu.

Mwambie leo. Nimesema leo, si baada ya mkutano, si baada ya mavuno. Mketishe, mshike mkono uleule uliousukuma, uuweke hapo mbele ya sikio, kisha ufungue mdomo kidogo asikie huo mlio. Hiyo ni hotuba tosha.

Sasa daktari. Ndiyo, yuko. Anaitwa daktari bingwa wa kinywa, taya na uso, na si wengi, ndiyo maana watu huzunguka sana kabla ya kumfikia. Usiende tena sokoni kung'olewa jino. Jino lisilo na makosa likitoka halirudi, na kwa namna unavyoeleza, shida yako inaonekana kukaa kwenye kiungo, pale taya linaposhikana na fuvu, au kwenye misuli inayolivuta. Mimi si daktari na siwezi kukupima kwa gazeti, kwa hiyo anzia idara ya meno ya hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Ukifika usiseme "jino linaniuma," maana watalitafuta jino. Sema: "Kiungo cha taya kinalia na uso unaniuma kwa muda mrefu, nimeng'olewa meno na haijasaidia, naomba mnielekeze kwa bingwa." Waulize bila aibu kama kuna bingwa anayetembelea kaunti zetu kabla hujafikiria Nairobi. Ukimpata, muulize kama wagonjwa wa kiungo cha taya anawaona mara kwa mara, na muulize anaanza na matibabu gani. Akikimbilia kisu kabla hajajaribu mambo mepesi, tafuta maoni ya daktari mwingine.

Na uende na Kanyiva. Kuna vitu daktari atauliza ambavyo wewe huvijui kwa sababu unavifanya ukiwa umelala.

Kuhusu mjomba, Mungu amlaze pema. Alikuwa na uvimbe. Wewe hujaniambia una uvimbe, wala kidonda mdomoni kisichopona, wala ganzi usoni. Ukiwa na kimojawapo, kesho asubuhi uwe hospitali. Lakini hata usipokuwa nacho nenda, kwa sababu hofu yako inakula nafasi ambayo chakula kingekaa. Ugonjwa hausikii unapotajwa. Mke ndiye husikia.

Na huyo Mwalimu Nyamai mwachie maiki Jumapili hii. Kanisa halitaanguka kwa Kikamba kigumu cha siku moja.

Fanya hivyo, kisha uniandikie.

Mama Katunge

*

Wasomaji wangu, Kyule aliniandikia. Nawapa barua yake ya pili kama ilivyo, maana sikuona sababu ya kuifungia kabatini.

*

Mama Katunge mpendwa,

Jibu lako nililisoma kwa kinyozi mjini Kitui siku ya Ijumaa, na nilikubaliana na kila neno isipokuwa yale mawili, "leo" na "Nyamai". Nikajiambia Jumapili jioni, mkutano ukiisha, nitamketisha Kanyiva nimwambie yote. Usinigombeze bado, ngoja usikie.

Jumapili hema lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye jua. Mhubiri Muturi ni mtu mwembamba lakini sauti yake inatoka mahali pengine kabisa, na alipoanza tulikwenda naye vizuri, akipanda napanda, akishuka nashuka, maumivu yapo lakini ile furaha ilikuwa imeyafunika. Akafika mahali akanyoosha mikono akalia, "Fungueni mioyo yenu!" Nikageuza. "Fungueni nyumba zenu!" Nikageuza. "Fungueni vinywa vyenu!"

Nikafungua changu, mama, kama simba, nikasikia "tak!" kubwa kuliko zote, na kinywa hakikufunga.

Nilisukuma kidevu kwa mkono, wapi. Nilijaribu kusema kitu, ikatoka "aaaah." Na mkutano mzima, ambao umezoea kufuata ninachofanya, ukadhani ndivyo mhubiri anavyotaka. Akina mama wa viti vya mbele wakafungua vinywa. Kwaya ikafungua. Wazee wa kanisa wakafungua. Hema zima likakaa kimya limeachama kama vifaranga wanaongoja kulishwa, na mhubiri Muturi, ambaye hajui Kikamba, akatuangalia sisi sote kwa zamu, akaguswa sana, akasema "Haleluya!"

Nikasema, "Aaaah."

Watu wote wakasema, "Aaaah."

Machozi yalianza kunitoka, na wengine wakaanza kulia pia wakidhani ni upako. Mwenye kujua kwamba kuna kitu si sawa alikuwa mmoja tu. Kanyiva alitoka kwenye safu ya kwaya akapanda jukwaani, akanisogelea akaninong'oneza, "Kyule, funga mdomo, watu wanakuona." Nikatikisa kichwa. Akaniangalia machoni. Kisha, na hapa ndipo nilipokumbuka barua yako, nikauchukua mkono wake nikauweka mbele ya sikio. Alisikia ule mfupa umekaa nje ya nyumba yake. Uso wake ulibadilika kabisa.

Akachukua maiki kutoka mkononi mwangu. "Ndugu zangu, fungeni vinywa," akasema kwa Kikamba, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mgeni aelewe. "Mume wangu ni mgonjwa. Aliye na gari asimame."

Aliyesimama kwanza hakuwa na gari. Alikuwa Kalekye. Alikuja mpaka mbele, hema zima linaangalia, na nilimwona Kanyiva akikaza shingo. Kalekye akasema, "Mwaitu, mama yangu, huyu mzee hawezi kutafuna. Ni muda sasa. Anakuja kwangu ameshika shavu, nampoozea uji mpaka uwe vuguvugu ndipo anaweza kuumeza. Nilidhani wewe ndiye unamtuma."

Kanyiva akamwangalia. Akaniangalia mimi. "Ni taya?"

"Aaaah," nikasema, nikatingisha kichwa kukubali.

"Muda huu wote ni taya?"

"Aaaah."

Sijui, mama, kama uliwahi kuona mtu amekasirika na kufurahi kwa wakati mmoja. Alinipiga begani kwa kiganja, kisha akalifuta lile bega kana kwamba ameliumiza, kisha akaanza kucheka huku analia, na Kalekye naye akacheka, na gari lilipopatikana wakapanda wote wawili, mmoja huku na mmoja kule, mimi katikati nimeachama, na njia nzima waliniambia waliyokuwa wameyaweka moyoni nami sikuweza kujibu hata moja.

Hospitalini tulimkuta daktari msichana anaitwa Nyawira, mwenyeji wa Murang'a. Akaniuliza nini kimetokea. Nikaeleza kirefu. Hakuelewa kitu. Basi Kanyiva akaanza kunitafsiria, nami kila nikisema "aaah" anageuza kwa Kiswahili, na mengine sikuwa nimeyasema, kama ile habari ya kuku, lakini sikuwa katika hali ya kumkosoa. Nyawira akavaa glavu, akaweka vidole gumba kwenye magego yangu ya chini, akaniambia nilegee, akasukuma chini kisha nyuma, na taya likarudi nyumbani. Neno la kwanza nililosema lilikuwa "Kanyiva". Sikulipanga. Lilitoka lenyewe.

Nyawira hakutuachia hapo. Alisema kurudisha taya si kulitibu, akatuandikia rufaa, na nilipouliza kama ulivyonifundisha, idara ya meno ikatuambia kuna daktari bingwa wa taya na uso anayetembelea kliniki moja kule Wote, kwa hiyo hatukuhitaji kwenda Nairobi. Tulivuka mto Athi na Kanyiva siku iliyofuata ya kliniki. Njiani nilikuwa namfikiria mjomba. Kanyiva alijua, akanipa maembe aliyokuwa ameyamenya na kuyakata vipande vidogo vidogo.

Yule bingwa, Daktari Mutunga, ni mtu asiye na haraka. Alinigusa mbele ya masikio nikifungua na kufunga, akabonyeza misuli ya mashavu mpaka nikaruka, akaangalia meno yalivyolika, akanipiga eksrei ya taya zima. Kisha akamgeukia Kanyiva. "Mama, akilala anasaga meno?"

"Daktari," Kanyiva akasema, "nilidhani ni panya darini."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa tena, akaiweka ile picha kwenye mwanga akatuonyesha. "Hakuna uvimbe hapa. Si saratani. Ni kiungo kilichochoka na misuli isiyopumzika. Usiku unasaga, mchana unapaza sauti ukiwa umeachama. Hata mashine ya kusaga unga ingelalamika."

Niliomba arudie. Akarudia. Niliomba Kanyiva anigeuzie kwa Kikamba, na Kanyiva akanigeuzia, polepole, neno kwa neno, amenishika goti. Hapo ndipo niliposikia kweli.

Hakunipasua. Alinitengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa kwenye meno nikilala, akanifundisha mazoezi ya taya mbele ya kioo, akaniambia nikande kwa kitambaa cha maji ya moto, nile vyakula laini kwa muda, nikipiga miayo nishike kidevu, na nisimeze dawa za maumivu ovyo. Alisema isije ikawa nategemea muujiza wa siku moja, itapungua kidogo kidogo, na ndivyo ilivyokuwa. Sasa mlio bado upo siku nyingine, lakini maumivu yameniachia nafasi. Nalala upande wangu wa zamani. Kanyiva anasema nikivaa kile kifuniko naongea kama mtoto anayeota meno, na kila usiku ananisemesha kusudi ili acheke. Muthokoi wangu anaupika mpaka ulainike kabisa, na wakati mwingine anakuja Kalekye wanaupika pamoja, maana wamekuwa marafiki, na kazi yao kubwa ni kunijadili nikiwa nimekaa hapohapo.

Sasa swali langu jipya, mama. Daktari amenizuia kupaza sauti kwa muda. Jumapili ya kwanza Mwalimu Nyamai alishika maiki, na kabla ibada haijafika nusu mama mmoja mzee alisimama akasema, "Tunaomba yule mke wa Kyule aliyetuambia tufunge vinywa." Kanyiva akakataa, wakamsukuma, akaenda. Mama Katunge, alitafsiri kama mtu anayemimina maji. Haruki kama mimi. Hapazi sauti. Anasema tu, na watu wote wanasogea mbele wamsikie. Mhubiri alisema kitu cha kuchekesha, Kanyiva akakigeuza kikawa cha kuchekesha zaidi, na mimi nikiwa kwenye benchi nikacheka, nikacheka kwa mdomo mzima, na nilikuwa nimeshamaliza kucheka ndipo nikagundua kwamba hapakuuma.

Sasa kanisa linamtaka yeye. Mimi nafurahi, na pia kuna kamahali kadogo hapa ndani hakafurahi. Nikipona kabisa, nidai nafasi yangu au niache?

Ni mimi,
Kyule

*

MAMA KATUNGE ANAJIBU

Kyule,

Ulichelewa, na taya lako likakusemea mbele ya umati. Nitakugombeza kwa hilo, neno moja tu: ungesikia. Sasa nimemaliza, maana nimefurahi mno hata siwezi kukugombeza zaidi. Nimeisoma barua yako mara mbili ofisini, na mara ya pili niliwasomea wenzangu kwa sauti, tukafika kwenye vifaranga tukashindwa kuendelea.

Endelea na kifuniko chako hata siku unazojisikia mzima, hasa siku hizo. Rudi Wote kila Daktari Mutunga atakapokuita. Mazoezi usiyaruke. Kuku wale muthokoi uliobaki, si uliokataliwa. Na Kalekye umpelekee debe la ndengu, maana aliposimama mbele ya hema lile alihatarisha jina lake ili kuokoa lako.

Kuhusu nafasi, usidai kitu. Kale kamahali kasikofurahi ni ka kawaida, kaache kakae, katachoka kenyewe. Umepata mke ambaye watu husogea mbele kumsikia, na wewe ulikaribia kumfukuza arudi Nuu. Ukipona na mhubiri akawa wa kuruka, ruka wewe. Akiwa wa kusema taratibu, aseme yeye. Mtagawana, na hilo mlipange wenyewe mezani bila kuitisha kamati.

Lakini Jumapili hii kaa benchi la mbele, mkabala naye, ili akikosa neno la Kikamba ajue pa kutazama.